Gesi ya Kivu haikuua samaki wa Katindo

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji wa Katindo, mtaa wa hapa Goma, aliyenunua tangi kubwa la samaki, akalijaza maji ya Ziwa Kivu, akatia samaki jioni ileile, na kabla ya juma kwisha wote walikuwa wameelea. Mwishoni akawaonya wakazi wa Goma wasihangaike kufuga samaki ndani ya nyumba, kwa kuwa maji ya Kivu yana gesi ya sumu. Nampa pole kwa moyo wote. Lakini onyo lake si sahihi, na likiachwa bila jibu watu wataacha kitu kizuri kwa sababu isiyo ya kweli. Mimi ni mama, fundi wa vioo hapa Birere. Nakata vioo vya madirisha na vya meza, na katikati ya kazi hizo naunda matangi ya samaki kwa wanaoyataka. Nyumbani kwangu ninalo moja, na maji yake ni ya ziwa hilohilo.

Gesi ipo, hakuna anayebisha. Kivu limebeba methane kiasi cha kilomita za ujazo 60, na kaboni dioksidi karibu kilomita za ujazo 300. Lakini gesi hiyo imelala chini sana, katika maji mazito yenye chumvi ambayo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Mtambo wa umeme wa gesi wa KivuWatt, ule ulio upande wa Rwanda, unalazimika kuvuta maji kutoka zaidi ya mita 300 kwenda chini ili uipate. Maji ambayo mtoto anachota kwa bidoni pale ufukweni ni ya tabaka la juu, lenye hewa, na ndimo wanamoishi sambaza tunaowala kila siku. Mazuku, yaani gesi nzito ya ardhini inayoua mbuzi na watu, ni jambo jingine kabisa: hayo hutoka ardhini na kutuama mabondeni, hayana uhusiano na maji ya bidoni.

Kilichowaua samaki wa ndugu yetu ni amonia. Samaki haishi kwenye maji tu, anayachafua pia, na uchafu wake mkubwa hautoki kwa nyuma kama wengi wanavyodhani. Unatoka kwenye matamvua, kila anapopumua. Ziwani uchafu huo hupotea mara moja. Ndani ya kioo hauna pa kwenda. Maji yanaweza kuonekana meupe, safi, ya kunywa kabisa, huku amonia ikiwachoma matamvua.

Mungu ameweka viumbe wa kuimaliza amonia hiyo. Ni bakteria wanaokaa juu ya mawe, mchanga na sponji ya chujio. Kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni mbaya, maana inaharibu damu ya samaki isibebe hewa, ndiyo maana utawaona wamepanda juu wakihema. Kisha kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia na ambayo wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tatizo ni kwamba katika tangi jipya bakteria hawa karibu hawapo. Wanahitaji wiki nne hadi sita kuongezeka, na hapa Goma, nyumba zikiwa baridi usiku, mara nyingi ni zaidi ya hapo. Anayetia samaki siku ya kwanza anawatia katika nyumba isiyo na choo.

Sasa kuna jambo linaloihusu Goma hasa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Maji ya Kivu yana magadi. Kwa kipimo cha pH yako karibu 9, wakati maji yasiyo na uchachu wala magadi yako kwenye 7. Amonia iko ya namna mbili, moja kali na moja pole, na kinachoamua ipi itawale ni magadi ya maji pamoja na joto lake. Katika maji ya pH 7 yenye nyuzi 25, amonia kali haifiki hata moja katika mia. Katika maji ya pH 9 yenye joto lilelile inazidi theluthi. Kwa hiyo uchafu uleule ambao mtu wa mji mwingine, mwenye maji laini, angeweza kuuvumilia kwa siku kadhaa, hapa kwetu unaua haraka. Mafunzo ya kwenye simu, ambayo vijana wengi wanayafuata, hayakuandikwa kwa ajili ya maji yetu. Msomaji wa Katindo hakufanya lolote ambalo wengine hawafanyi. Hakuambiwa tu, na aliyemuuzia tangi pamoja na samaki kwa mkupuo mmoja ndiye aliyepaswa kumwambia. Nawaomba wenzangu tunaofanya biashara hii: uza tangi leo, samaki muuzie tangi likishakuwa tayari. Mteja atanung'unika, lakini atarudi.

Maji huandaliwaje? Jaza tangi, washa pampu ya hewa na chujio, weka mawe yako, kisha usitie samaki yeyote. Kila baada ya siku chache tupia chembe za sambaza wakavu waliosagwa, wasiotiwa chumvi. Wakioza hutoa amonia, na bakteria hupata chakula cha kuanzia. Maji yatakuwa na ukungu, yatanuka kidogo, halafu yatatakata yenyewe. Usishtuke ukayamwaga, maana hapo ndipo kazi inafanyika. Kuna dawa ya matone ya kupimia amonia na nitriti, mimi huwaagiza wanaopita Kigali waniletee. Amonia na nitriti zote zikisoma sifuri siku moja baada ya kuwapa bakteria chakula, tangi liko tayari. Asiyekuwa na matone angoje wiki nane, kisha aanze na samaki wachache sana.

Wenzetu wa nchi za mbali wananunua mawe ya volkano kwa mifuko ili kuyatia kwenye machujio yao, na sisi tunayakanyaga. Jiwe la volkano lile jepesi, lenye matundumatundu, ni makao bora ya bakteria kwa sababu kila tundu ni ukuta wa ziada wa kushikilia. Chukua yasiyopakana na barabara wala gereji, maana mafuta ya gari hayatoki. Yasugue kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, uyasuuze mpaka vumbi jeusi liishe. Yaliyo na kingo kali yasiguse kioo, na usiyapange mahali samaki watakapopenya kwa haraka, watajichuna magamba. Kokoto nyeusi zilizolainishwa na mawimbi ufukweni ni nzuri zaidi kwa kutandika chini.

Ndugu yetu aliandika pia kwamba labda angeanza na tangi dogo. Hapo nampinga. Kwa anayeanza, kubwa ni rahisi kuliko dogo. Kosa la chakula kilichozidi, ambalo katika lita 30 linaua, katika lita 300 halionekani. Usiku wa Goma ukishuka hadi nyuzi 15, tangi kubwa linapoa polepole, dogo linapoa kabla hujalala. Ugumu wa tangi kubwa uko kwenye uzito, na hapo ndipo fundi anatakiwa aseme ukweli.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Maji yake ni lita 300, yaani kilo 300. Kioo cha milimita 10, ambacho ndicho ninachotumia kwa ukubwa huo, kinaongeza karibu kilo 57. Tia mawe na meza ya chuma, unakaribia nusu tani mahali pamoja ndani ya sebule. Kwenye sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya mwamba hakuna wasiwasi. Lakini wengi wetu tunakaa kwenye nyumba za mbao, na baadhi zimeinuliwa juu ya mawe yasiyolingana. Huko siuzi tangi kabla ya kwenda kuona sakafu. Ikibidi tunatoa mbao za sehemu ile na kujenga msingi mdogo wa mawe na saruji kutoka ardhini, ili meza isitegemee mbao kabisa. Mteja mmoja wa Ndosho alikasirika nilipokataa kumletea tangi kabla ya msingi. Leo wajukuu wake ndio wanaolisha samaki.

Kisha kuna matetemeko. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku nyingi, kuta zikapasuka mjini. Niliona tangi, si la mkono wangu, lililofunguka kona kwa sababu lilikuwa juu ya kabati lenye mguu mmoja mfupi, na kioo cha chini kilikuwa kimelalia mbao moja kwa moja. Chini ya tangi weka frigoliti, lile povu jeupe la kufungashia vyombo, ya sentimita mbili, tambarare, ya kumeza mtikisiko na chembe za mchanga. Meza iwe ya chuma, ifungwe ukutani kama ukuta ni wa matofali. Maji yasifike ukingoni, acha vidole vinne. Na usikubali kioo cha dirisha cha milimita 5 kwa tangi la ukubwa huo, hata kama fundi ni shemeji yako.

Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Mimi huiacha wiki nzima, kisha najaza tangi nje uani na kuliacha siku kadhaa kabla ya kulipeleka kwa mwenyewe. Mnunuzi ana haki ya kuomba aone tangi lake likiwa limejaa. Aombe.

Kuhusu maji, hata ya bomba hapa kwetu yanatoka ziwani, ila yametiwa klorini, na pale watu wanapochotea ufukweni mara nyingi kuna kijana mwenye bomba la sindano anayetia klorini katika kila bidoni. Kazi ile inaokoa maisha, sisi wa Goma tunaijua kolera, na mtu asije akamwambia aache. Maji ya kunywa na maji ya samaki yatenganishwe tu. Klorini inachoma matamvua na inaua bakteria wale uliowangoja miezi miwili. Mimina maji kwenye pipa lililo wazi, washa pampu ya hewa ndani yake, liache siku mbili. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa nayo yasubiri pipani, maana huja na konokono na vijidudu.

Maji ya mvua siyapendi hapa. Yanapita kwenye moshi wa Nyiragongo kabla ya kufika kwenye bati, yanashuka na gesi za volkano pamoja na kutu. Isitoshe, hayana magadi ya kuyatuliza, kwa hiyo hubadilika ghafla.

Kila wiki ondoa robo ya maji, rudisha mengine yaliyosubiri pipani. Robo, si yote! Nimeona nyumba ambazo kila Jumamosi tangi linakaushwa, mawe yanasuguliwa kwa Omo, sponji inakamuliwa chini ya bomba mpaka ing'ae, kisha samaki wanarudishwa katika maji yaliyotoka bombani saa hiyohiyo. Wenye nyumba hizo ni watu safi, wana nia njema, na wanashangaa kwa nini kila mwezi wananunua samaki wengine. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ibaki ya kahawia. Rangi ile ya kahawia ndiyo mali.

Umeme ukikatika, kinachotisha si giza. Ni hewa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji hushika hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani. Kwa hiyo tangi la hapa lisijazwe samaki kama la Dar es Salaam. Mimi natumia chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, kwa kuwa pampu hiyo inakubali betri ya sola. Asiye na betri achote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda, na asiwape chakula mpaka umeme urudi. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Machujio makubwa yaliyofungwa yakizimika saa nyingi, bakteria wa ndani hufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo yafungue na kuyasuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuyawasha tena.

Samaki gani sasa? Sambaza waachieni wavuvi. Ni samaki wa maji wazi, hutembea kwa makundi, hawavumilii mkono wala kioo. Tilapia wa bwawani hukua mkubwa mno kwa tangi na huwala samaki wadogo. Neoni na wale wa jamii yao wametoka Amazon, kwenye maji laini yenye uchachu, na kuwatia katika magadi yetu ni kuwatesa. Yule anayeuzwa kama msafisha vioo, mwenye mdomo wa kunyonya, ni mdogo dukani tu, akikua anakaribia urefu wa mkono. Samaki wa dhahabu wanastahimili baridi yetu bila hita, lakini wanachafua sana, wachache wanatosha. Gapi na plati wanakubali magadi kuliko wengi, ila wanataka joto. Kwa lita 300 hita ya wati 300 inatosha.

Mimi nikiulizwa na anayeanza, nasema Haplochromis. Ni samaki wadogo wa Kivu lenyewe, aina zao zaidi ya kumi hazipatikani penginepo duniani. Maji yetu ndiyo yao, hakuna cha kusahihisha. Wavuvi huwatupa au kuwauza kwa bei ndogo wakiingia kwenye nyavu za kando. Dume akipata eneo lake anang'aa. Jike huyabeba mayai mdomoni na haonekani akila mpaka watoto watoke, na hata baada ya hapo hatari ikitokea wanarudi mdomoni mwa mama. Niliwahi kuwaita majirani waje kuona. Watu waliozaliwa hapa, waliooga ziwani tangu utoto, hawakujua kwamba jambo hilo linatokea chini ya miguu yao. Wape mawe mengi ya kujificha, dume mmoja kwa majike kadhaa, maana madume wawili katika tangi moja watapigana.

Na hapa nina ombi zito. Anayechoka na samaki wake asiwapeleke ziwani. Kivu lina aina chache za samaki ukilinganisha na Ziwa Tanganyika, na kila mgeni anahesabika. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa makusudi, na wametulisha. Lakini samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, ameonekana humu tangu 2006 bila mtu kuwa amepanga aje, na anakula chakula kilekile cha sambaza. Samaki wa dhahabu, au aliyetoka Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, aliyeachiliwa pale kando ya hoteli anaweza kuzaliana. Mpe jirani, au mrudishie muuzaji. Maji ya tangi uyamwage kwenye bustani, mboga zinayapenda, na mimea ya tangini ikaushwe juani kabla ya kutupwa.

Bakteria wale hawaogelei ndani ya maji, wameng'ang'ania vitu, kwa hiyo kuomba chupa ya maji ya tangi la zamani hakusaidii sana. Sponji iliyotumika ndiyo inasaidia, inaweza kupunguza wiki za kungoja. Mimi huwa na sponji mbili za ziada ndani ya tangi langu kwa ajili hiyo. Msomaji wa Katindo, au mwingine yeyote anayeanza, aje Birere aulizie mama wa vioo, nampa moja bure. Aje na ndoo yenye kifuniko na maji ya tangi lake mwenyewe ndani, na akifika nyumbani aiweke kwenye chujio siku hiyohiyo, kwa kuwa sponji ikikauka njiani bakteria wamekwisha.

Mama wa vioo,
Birere, Goma